Nani alikuambia dume halei?

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa stage ya Rongo, binti yangu mgongoni nimemfunga kwa leso, begi la nguo zake begani, chupa ya uji imechomoza mfukoni. Tulikuwa tunabadilisha gari. Kama unaijua hiyo njia, unajua: kutoka Homa Bay mjini unapita Rodi Kopany mpaka Rongo, unashuka, unatafuta gari lingine la kukupitisha Awendo hadi Migori. Mtoto wa miaka miwili haelewi mambo ya kubadilisha gari. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa natembea huku na huku nikimrusharusha mgongoni, naimba vitu visivyo na maana.

Maboyz wa boda walikuwa wameketi kwenye pikipiki zao chini ya kile kivuli chao. Mmoja akapaza sauti, "Omera, umekaliwa chapati!" Base nzima ikacheka. Nikatabasamu, maana hilo nimelizoea. Lakini kulikuwa na mwingine, mkubwa kidogo, aliyeongea bila kucheka, kama mtu anayekushauri. Akasema, "Hata wanyama, ndugu yangu. Umeona wapi dume amebeba mtoto? Hiyo kazi ya jike. Ni maumbile tu."

Sikumjibu. Gari lilikuwa linajaa, na mtoto alitaka uji. Ila nilipofika Migori jioni hiyo na mtoto akalala, yale maneno yalikuwa bado kichwani. Kicheko huwa nakisahau nikipanda gari. Hii ilikuwa hoja, na hoja haiondoki mpaka uijibu.

Wacha niseme mapema: mimi si msomi. Chuo niliacha mwaka wa pili. Mimba ilikuja, karo haikuja, ikabidi nichague. Kwa hivyo usinichukulie kama profesa. Nina simu, nina bando ya usiku, na nina muda mtoto akilala. Nilichofanya ni kutafuta jibu la swali la yule jamaa: umeona wapi dume amebeba mtoto?

Na unajua kilichonishangaza kwanza? Kwamba swali lenyewe lina mizizi hapa hapa kwetu. Ukivuka kutoka Mbita kwenda Rusinga, kile kisiwa tunachokijua kwa kaburi la Tom Mboya, hapo ndipo Mary Leakey alipookota fuvu la sokwe wa kale mwaka wa 1948. Huyo mnyama aliishi kama miaka milioni 18 iliyopita, wakati ziwa letu halikuwepo na Rusinga ilikuwa msitu. Siku hizi wanasayansi wanamwita Ekembo, neno la Kisuba, na aina moja wakaipa jina la Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba mifupa na akina Leakey miaka mingi. Sisi tulifundishwa shuleni kwamba mwanadamu wa kale ni Olduvai na Turkana. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba ndugu mmoja wa zamani kabisa wa ukoo huu wote alilala kisiwani ambako shangazi zangu wanaanika omena.

Ekembo hawezi kutuambia kama alibeba watoto. Mfupa hausemi nani alimlaza nani. Lakini mume wa yule mama, Louis Leakey, alitaka kujua hayo yasiyoonekana kwenye mifupa, akatuma watu wakawaangalie sokwe walio hai. Alimtuma Jane Goodall Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka wa 1960. Akamtuma Dian Fossey kwa gorila wa milimani mwaka wa 1967, kwanza upande wa Congo, kisha Rwanda alikoanzisha kambi ya Karisoke. Kwa hivyo ukiniuliza habari za dume na mtoto, njia inatoka Rusinga, inapita Gombe, inapanda volkano za Virunga. Twende nayo.

Anza na gorila. Dume mzima, yule mwenye mgongo wa rangi ya fedha, anaweza kufika kilo 180. Mtoto akizaliwa ana kilo mbili hivi, kama pakiti moja ya unga. Ungedhani mama atamficha mtoto mbali kabisa na lile jitu. La. Saa za mchana, kundi likipumzika baada ya kula, watoto wanamwendea dume. Wanalala juu yake, wanamparamia, wanavuta nywele, wanateleza tumboni kama watoto wa mtaa kwenye mchanga wa mjengo. Na yeye? Ametulia. Mara anamchambua mmoja manyoya, mara anageuka asimlalie mwingine. Mama naye anapata nafasi ya kula kwa amani.

Hapo nikafikiria yule jamaa wa boda na nikacheka peke yangu gizani. Kilo 180! Nani atamwambia huyo amekaliwa chapati?

Sasa sikia hii. Mwaka wa 2018 watafiti waliofanya kazi na gorila wa Rwanda walitoa matokeo ambayo wao wenyewe hawakuyatarajia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba katika jamii kama hizo, dume anayefaulu ni yule mbabe, wa kupigana na kutafuta majike, na kwamba muda wa kukaa na watoto ni muda uliopotea. Wakalinganisha. Madume waliokuwa wanakaa sana na watoto, wakiwachambua na kulala nao, ndio waliozaa watoto wengi zaidi baadaye, zaidi ya mara tano ya wale waliowapuuza watoto. Na hiyo ni hata baada ya kuzingatia cheo cha dume katika kundi. Tena hawa madume hawabagui. Mtoto awe wake au wa dume mwingine, anapewa muda ule ule. Maelezo mojawapo ni kwamba majike wanaona. Wanaona nani anawafaa watoto, na wanaamua.

Naomba usiipeleke hiyo mahali sipo. Sisemi ubebe mtoto ndio upate wasichana. (Ingawa tangu nianze kutembea na binti yangu, akina mama wa sokoni wananipunguzia bei ya ndizi. Hilo ni la bure.) Ninachosema ni kwamba lile neno "maumbile" alilolitumia yule jamaa lilisimama kwa mguu mmoja.

Kuna kisa kimoja cha Fossey ambacho nimekisoma mara tatu. Katika kundi lake la nne kulikuwa na dume aliyempa jina Uncle Bert. Mtoto mmoja wa kike alifiwa na mama yake. Jina la huyo mtoto lilikuwa Simba, Kiswahili kabisa. Katika hao wanyama, mtoto ananyonya miaka mitatu au zaidi, kwa hivyo kufiwa na mama mapema ni kama hukumu. Uncle Bert akamchukua. Akawa analala naye, anamchambua, anawazuia wenzake wakimchokoza. Simba akakua.

Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2021, watafiti walipekua rekodi za miaka 53 za Karisoke wakitafuta jambo hilo hilo: yatima wa gorila hupata nini? Wakakuta kwamba walioondokewa na mama baada ya miaka miwili hawakufa zaidi ya wenzao wenye mama. Kundi liliwafunika, na aliyewafunika zaidi, ambaye yatima alimsogelea kuliko wote, alikuwa dume mkuu. Sio shangazi, sio dada. Dume.

Lakini siwezi kukuachia hadithi tamu nusu. Mwezi wa Julai 1978 majangili walimpiga Uncle Bert risasi, akafa. Kundi likavurugika. Baadhi ya watoto wachanga waliuawa, na waliowaua ni madume wa gorila. Ndivyo ilivyo: dume mgeni akikuta mama ana mtoto wa dume aliyekufa, anaweza kumuua mtoto ili mama awe tayari kuzaa naye. Sokwe wa kawaida pia wana hiyo tabia. Imeonekana Gombe, imeonekana Budongo kule Uganda, madume wakiua vichanga. Kwa hivyo kama kuna mtu anataka kuchukua mnyama amfanye mwalimu wa maadili, pole. Darasa hilo lina wauaji pia. Mimi sitafuti mwalimu. Nataka tu mtu aache kuniambia eti dume kwa asili hana uhusiano na mtoto. Anao. Anaweza kumlinda, anaweza kumuua, anaweza kumlea yatima asiye wake. Mambo yote hayo yamo ndani ya damu moja, na kinachotokea kinategemea ni dume gani, kundi gani, siku gani.

Na Gombe sasa. Sokwe dume hana sifa ya ulezi. Majike huzunguka na madume wengi, na kwa miaka mingi ilidhaniwa baba hamjui mwanawe kabisa. Mwaka wa 2016 watafiti wa Gombe wakaonyesha kwamba baba hukaa karibu na mama wa mtoto wake mchanga kuliko ilivyotarajiwa, na hucheza na mtoto wake na kumchambua zaidi. Kidogo, si sana. Lakini anajua, au mwili wake unajua.

Hata hivyo kisa cha Gombe kinachonigusa hakihusu baba. Mwaka wa 1987 ugonjwa kama nimonia ulipita msituni, sokwe wengi wakafa. Mtoto mmoja aliyeitwa Mel, wa miaka mitatu na kidogo, alibaki bila mama, bila kaka wala dada wa kumchukua. Alikuwa mgonjwa, amejaa minyoo, na Goodall na wenzake walijua huyu anaondoka. Kisha akatokea Spindle. Spindle alikuwa kijana wa miaka 12. Kwa sokwe hiyo ni kama wewe ukiwa na miaka 15 au 16: umri wa kuanza kujipima na wanaume wakubwa na kujifanya mgumu. Naye alikuwa amefiwa na mama yake katika ugonjwa ule ule. Hawakuwa ndugu wa karibu.

Spindle akaanza kumsubiri Mel wakitembea. Akamwacha apande mgongoni. Mvua ikinyesha, akamkumbatia kifuani. Usiku Mel alisogea kwenye kiota chake, na Spindle akamvuta ndani. Mel akinyoosha mkono kuomba chakula, alipewa. Na madume wakubwa wakianza fujo zao, za kuburuta matawi na kumpiga yeyote aliye njiani, Spindle alikimbilia katikati kumtoa Mel, hata kama ye mwenyewe angekula kichapo. Mel akaishi.

Mimi nilipofika hapo niliweka simu chini. Kuna kijana wa miaka 12 wa sokwe, yatima, bila mali, aliyefanya kile ambacho maboyz wengi ninaowajua wa miaka 24 wanasema hawawezi kwa sababu "hawajajipanga."

Na hapa ndipo nataka tukae, mimi na wewe. Hayo ya gorila yalikuwa ya kumjibu jamaa wa boda. Haya ni yetu.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulisema asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Homa Bay, asilimia 23. Migori, asilimia 23. Tulifanana kabisa, kama timu mbili zilizotoka sare. Wanasiasa wakatoa pole, makanisa yakaombea wasichana, chifu akaitisha baraza la wasichana. Kila mahali ni wasichana. Lakini nyuma ya kila mmoja wa hao kuna mwanamume, na wengine ni watu wazima waliopaswa kuwa mbele ya hakimu, hao siwazungumzii hapa. Nazungumzia sisi wengine. Kijana aliyekuwa na mpenzi wa rika lake, mimba ikaingia, akabadilisha laini.

Nimekaa na hao vijana. Wengine ni marafiki zangu. Na nikikuambia kitu utashangaa: wengi hawakuhepa kwa sababu hawana moyo. Walihepa kwa aibu ya kukosa pesa. Tumelelewa tukijua baba ni mtu wa kuleta. Analeta unga, analeta karo, anatuma kwa simu. Kama huna cha kuleta, basi usije. Utaendaje kwa kina maro mikono mitupu? Utasema nini getini? Kwa hivyo kijana anajiambia, acha nijipange kwanza, nikishika kitu nitaenda. Anaenda kuvunja mawe Macalder akitafuta dhahabu. Anaenda Nairobi kwenye mjengo. Mwaka unapita, wa pili, na aibu haipungui. Inazaa. Mtoto akifika miaka minne hata ukipata pesa hujui utaanzia wapi, kwa sababu yeye hakujui na wewe hujui hata anapenda nini.

Mimi nilikaa miezi saba. Nasema wazi ili usifikiri nakuhubiria nikiwa juu ya mlima. Miezi saba ya kwanza ya binti yangu sikuwahi kumshika. Nilikuwa Migori, saa moja na nusu au mbili kwa gari, nikichapa kazi za cyber na kuandika insha za watu mtandaoni, nikitafuta "kitu cha kwenda nacho." Nilienda mwishowe kwa sababu nyanya yake alinipigia simu. Nilidhani ataniuliza pesa. Akasema, "Nyathina, mtoto ana meno mawili. Njoo uone." Ni hayo tu. Nilienda na mkate na lita moja ya maziwa, na nauli ya kurudi nilikopa.

Gorila hana pesa ya kutuma. Ukimwondolea dume hilo la kuleta, anabaki na nini? Anabaki na mwili wake. Mgongo wa kupandwa, tumbo la kulalia, macho ya kuangalia nani anakuja. Na tumeona hiyo peke yake inafanya nini kwa yatima wa miaka miwili.

Najua kuna dada anasoma hapa na tayari amekunja uso. Ati sasa huyu anawapa wanaume ruhusa ya kuja kucheza na mtoto bila kununua nepi? Sikiza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Wajibu sawa. Ukiwa na mia mbili, mia inaenda kwa mtoto. Ninachopinga ni ile hesabu inayosema kwa sababu leo sina mia, basi leo mimi si baba. Na ukweli ni kwamba mtu akishamshika mtoto, akamjua, hiyo mia huwa inapatikana kwa njia za ajabu. Mimi niliacha sigara wiki ya pili. Hakuna aliyeniambia.

Kuna sayansi kidogo hapo pia. Kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wanaishi majirani wawili: Wahadzabe, ambao baba zao hubeba watoto na kukaa nao sana, na Wadatoga, wafugaji, ambao baba huacha watoto wadogo kwa mama. Watafiti walipima homoni ya kiume ya hao wanaume, wakatoa matokeo mwaka wa 2009. Kwa Wahadzabe, waliokuwa baba walikuwa na homoni hiyo chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, hakuna tofauti, baba au si baba. Maana yake mwili wa mwanamume unabadilika kwa kukaa na mtoto. Cheo cha "baba" pekee hakiubadilishi. Jamaa akisikia homoni imeshuka atasema, unaona, nimekuambia wanakaliwa! Sawa. Mimi naiita kutulia. Nenda umuulize mama yeyote kama angependa mwanamume aliyetulia au yule wa kurusha viti.

Nirudi kwa wanyama mara moja, kwa sababu nilisahau nyani, na yule jamaa bila shaka nyani ndiye aliyekuwa akilini mwake. Sokwe hapa kwetu hayupo porini, lakini nyani, bim wetu, unamkuta Ruma, kule Lambwe. Nyani hata si sokwe, ana mkia, ni ukoo mwingine. Ila naye ana hadithi. Amboseli wamefuatiliwa tangu 1971, na utafiti wa 2003 ulionyesha kwamba vijana wakigombana, dume mzima huingilia kumsaidia mtoto wake mwenyewe kuliko mtoto wa mwingine, ingawa mama alikuwa na madume kadhaa. Na kuna tabia nyingine iliyoandikwa sana: dume wa nyani akikabiliwa na dume mwenzake, anaweza kumnyakua mtoto na kumkumbatia ili yule mwingine apoe. Mtoto anakuwa ngao. Nilipoisoma nilijua nimeiona mahali. Ni mkutano wowote wa kampeni, Migori au Homa Bay, mheshimiwa anashuka kwenye gari, ananyakua mtoto wa mtu, picha, picha, anarudisha. Hao nao wanahesabiwa kama wanaume wanaoshika watoto.

Kikwazo kingine siwezi kukikwepa. Si kila familia itakufungulia mlango. Kuna wazee watakuambia hakuna kumwona mtoto mpaka mje na watu wenu mkae chini, na kuna wakwe watakufukuza mbele ya majirani. Wana haki ya kukasirika. Hasira zao zina sababu, na mtoto si kikombe cha kukopesha. Nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimika, mjomba wako au jirani, si genge la marafiki. Ukifukuzwa, rudi wiki ijayo. Mimi mara ya kwanza nilikaa nje, kwenye benchi chini ya mwembe, kwa muda mrefu kabla ya kuitwa ndani. Mtoto aliletwa, akaniangalia, akalia. Mara ya pili hakulia.

Na vituo vya afya, naomba. Nilimpeleka binti yangu kliniki kwa chanjo ya malaria, ile dozi ya nne inayokuja baada ya muda mrefu mpaka watu wanasahau. Chanjo hiyo kwa Kenya ilizinduliwa hapa Homa Bay, Septemba 2019, kwa sababu malaria ni yetu kuliko ya wengine. Foleni ilikuwa ya akina mama watupu. Mhudumu akauliza kwa sauti, "Mama wa huyu yuko wapi?" Nikasema yuko darasani, amerudi shule, ana mtihani. Akaniangalia kama nimeiba mtoto. Akauliza kama najua tarehe yake ya kuzaliwa. Nikamwambia tarehe, uzito aliozaliwa nao, na dozi tatu za kwanza alizipata lini, maana kijitabu nilikuwa nimekisoma mpaka nikakishika kichwani. Akaandika. Mama mmoja mzee nyuma yangu akacheka, akasema, "Huyu amekuja kufanya mtihani." Benchi zikasogezwa nikapata pa kuketi.

Tumezoea kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mamaye pekee. Babaye hata kwenye methali hayupo. Na sheria yetu ya kazi ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo mtoto akizaliwa, lakini wewe na mimi tunaofanya kibarua hiyo likizo tunaisikia tu redioni. Kwa hivyo hakuna atakayetupangia muda. Muda wangu ni Jumamosi mbili kwa mwezi na Jumapili zake, na simu ya jioni anayoongea maneno manne na kubofya kitufe cha kukata.

Mama yake amebakisha muhula mmoja amalize. Akimaliza tutaongea kuhusu mengine, au hatutaongea. Hayo ni yetu wawili. Mtoto anaendelea kukua tukiongea na tusipoongea.

Jumamosi hii ni zamu yangu tena. Nitapita Rongo kama saa tano asubuhi, kama gari la Homa Bay halitachelewa kujaa. Yule jamaa wa boda nikimkuta nitamwambia habari za Uncle Bert, na kama ana nafasi anishikie begi nimpe mtoto uji.